Kipande cha Tano

Voi, 5 Mei 2025

Kwako mwanangu Shanice,

Salamu nyingi. Mimi mzima, duka zima, na joto la Voi nalo zima, halijasafiri. Sanduku nimelipakia leo asubuhi kwenye gari la Taveta, na dereva amekula kiapo kwamba litafika Mahoo mpaka lango la shule yenu bila kukaliwa na mtu.

Uliniambia likizo ilipokwisha kwamba klabu yenu ya kusoma imechoshwa na hadithi za mtoto mtiifu na mtoto mkaidi. Mnataka mambo ya ajabu, mnataka dunia zilizoharibika. Haya. Mimi ni muuza madaftari na sare za shule tu, lakini zile rafu zangu mbili za kuazimisha hazina mchezo. Nimewachagulia vitatu, vyote vya miaka hii miwili.

Cha kwanza ni *Wachunga Mawingu*. Kuna ukoo unaochunga mawingu kama watu wa huku wanavyochunga ng'ombe, mpaka msichana mmoja anapoteza wingu la babake na nchi nzima inakauka. Hiki wape wale wadogo wa Fom Tuu, hakitishi. Cha pili ni *Darasa la Chini ya Bahari*. Kina mapenzi kidogo sura ya nane, basi mwalimu akiuliza, mwambie ni jiografia. Cha tatu ndicho chenyewe: *Ghala la Sauti*. Humo serikali inaweka sauti za watu ghalani. Ukitimiza miaka kumi na mitano unapelekwa huko, unaiacha sauti yako, na kwenu wanapewa mahindi. Msichana mmoja, Sikudhani, anakataa kuitoa yake. Nimekisoma mpaka jalada la nyuma, maana mimi sipendekezi kitabu nisichokimaliza. Mwisho wake, wallahi, utakukalisha chini.

Nakala ni moja moja. Muhula ukiisha vinarudi kama vilivyotoka.

Anti yako,
Zaitun Hashil


Mahoo, 24 Mei 2025

Mpendwa Anti Zaitun,

Shikamoo. Kabla sijasema ninalotaka kusema, weka chai chini.

*Ghala la Sauti* ni noma! Tangu nije shule hii sijaona watu wakigombania kitabu hivi. Hata Kasyoki, yule aliyesema vitabu vinampa usingizi, juzi alikosa mpira akisoma. Lakini Anti, tuko saba na kitabu ni kimoja. Tungesubiriana, wa mwisho angekipata akiwa anafanya mtihani wa Fom Foo. Kwa hivyo tulifanya kile ambacho hufanywa hapa. Carolyne alikuwa na wembe kwenye mkebe wake wa hesabu, tukakikata mgongoni vipande saba, kurasa arobaini arobaini.

Usikasirike, skiza kwanza. Kipande kimoja kinaingia ndani ya kitabu cha Jiografia na hakuna anayejua. Jioni wakati wa prepu mwalimu anatuona tumeinama tu, anasema hawa watoto wamebadilika. Ukimaliza chako unampa wa nyuma, unapokea cha mbele. Tulianza siku tisa zilizopita na wa kwanza ameshamaliza kipande cha nne. Hatuchafui, hatukunji. Jalada nimelihifadhi mimi mwenyewe chini ya sanduku langu.

Nakuomba utafute vingine kama hiki. Vyenye msichana anayekataa.

Wako,
Shanice Mwandawiro


Voi, 29 Mei 2025

Shanice,

Mmekikata?

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Mteja aliyekuja kununua rula ameondoka bila rula. Mmekikata! Kwa wembe! Kitabu si mkate, mtoto wewe. Ningekuwa Mahoo leo ningelivuta hilo sikio lako mpaka lifike Mwatate kwa mamako Susan, na huko angemalizia yeye. Miaka sita naazimisha vitabu. Nimerudishiwa chenye mchuzi, nimerudishiwa chenye barua ya mapenzi ndani, kimoja kilirudi na panya. Kilichochinjwa, hiki ndicho cha kwanza.

Kipande cha saba kikishazunguka, mtavikusanya vyote na kuvishona. Kwenu Mwatate uzi wa mkonge si haba, mwambie mamako akutumie. Nataka mshono uonekane, ili kila atakayekishika ajue mlichokifanya.

Nimemaliza kugomba. Sasa niambie: kweli mmefika cha nne kwa siku tisa? Na Kasyoki pia? Lahaula. Nimekaa na kitabu hicho rafuni miezi minne na kilikuwa kimeazimwa na mtu mmoja, naye alikirudisha kesho yake.

Zaitun


Mahoo, 10 Juni 2025

Mpendwa Anti,

Shikamoo. Uzi umefika, na mama ameniandikia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Kuna jambo dogo. Kipande cha tano kiliingia maji. Ni ajali, Carolyne alikuwa amekificha ndani ya sweta. Lakini usijali hata kidogo, mimi nilikuwa nimeshakinakili chote kwa mkono kabla hakijaharibika, neno kwa neno, na wenzangu wanasoma nakala yangu. Wanasema ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Kasyoki alilia, Anti. Mpaka kamasi.

Ulikipenda kipande hicho wewe? Hujaniambia.

Wako,
Shanice


Ofisi ya Naibu wa Mwalimu Mkuu
Mahoo, Taveta
20 Juni 2025

Kwa Bi. Zaitun Hashil, Voi

KUH: SHANICE MWANDAWIRO, KIDATO CHA TATU

Nakuandikia kwa masikitiko. Jana, katika ukaguzi wa kawaida wa mabweni, karatasi moja ilipatikana chini ya godoro la mwanafunzi aliyetajwa hapo juu. Mwandiko ni wake, naye hakani. Nainukuu kama ilivyo:

"Ijumaa, kengele ya pili ikilia, tutaufunga mlango wa bweni kwa nje. Mafuta ya taa yako nyuma ya bwalo. Wawili watashika kiberiti, wawili watashika zamu. Yule mlezi mwenye goti bovu ndiye atakayechelewa kutoka. Basi na achelewe."

Bi. Zaitun, shule hii ina mtu mmoja tu mwenye goti bovu anayeingia mabwenini, naye ni mimi. Nimefundisha miaka ishirini na sita. Nimewahi kutukanwa, nimewahi kurushiwa sahani. Sijawahi kusoma kifo changu kwa mwandiko wa mtoto ninayemfundisha. Matroni ndiye aliyeichukua ile karatasi mikononi mwangu.

Mwanafunzi anadai kwamba maneno hayo ni nakala ya kitabu kilichotoka katika sanduku lako, ambalo sasa liko ofisini kwangu. Alipoulizwa kitabu kiko wapi, alisema kimekatwa vipande saba na kwamba hawezi kuwataja walio navyo. Utaelewa kwamba jibu hilo halikumsaidia.

Amesimamishwa masomo, yuko kwao Mwatate. Bodi ya Shule itakutana tarehe 4 Julai kuamua kama atafukuzwa, na kama jambo hili litapelekwa kwa polisi. Ikiwa una la kusema, liseme kabla ya siku hiyo.

Wako mwaminifu,
Evelyn Kasiva
Naibu wa Mwalimu Mkuu


Voi, 22 Juni 2025

Kwa Mwalimu Evelyn Kasiva,

Mwalimu, barua yako imenitoa jasho la baridi. Polisi! Kwa mtoto kusoma kitabu! Nakupa pole kwa hofu uliyoipata, na naisema pole hiyo kwa moyo. Lakini kosa limetokea na ni jepesi kulitengeneza.

Kitabu hicho ni changu. Kinaitwa *Ghala la Sauti*, na habari yake yote ni ya watoto waliofungiwa wakitaka kutoka. Nimekisoma mara mbili. Maneno uliyoyanukuu yamo, tena nakumbuka hata mahali yalipo: ukurasa wa kushoto, chini. Shanice alinakili kwa mkono kwa sababu kipande chao kililowa, na aliniarifu mwenyewe kwa barua kabla ya mambo haya. Barua hiyo ninayo.

Nimeagiza nakala nyingine Mombasa. Tarehe 4 nitakuja nayo Mahoo, niufungue ukurasa huo mbele ya Bodi, na kila mmoja asome kwa macho yake. Nisipouonyesha, basi sanduku langu lisivuke tena lango lenu, nami nitazifunga rafu zangu.

Wasalaam,
Zaitun Hashil


Voi, 23 Juni 2025

Mwanangu Shanice,

Mamako ameniambia unakataa kushika simu na unakataa kula. Barua huwezi kuikata kama simu, kwa hivyo nakuandikia. Kula. Jambo lako nimelishika mimi. Nimemwandikia mwalimu wako na nimemwapia kwamba maneno yale yamo kitabuni. Nakala mpya inakuja kutoka Mombasa, na tarehe 4 naipeleka kwa mkono wangu. Mbele ya maandishi ya chapa atasema nini?

Futa machozi. Kula ugali.

Anti Zaitun


Voi, 27 Juni 2025

Shanice,

Kitabu kimefika leo saa nne. Nimekifungua hapo hapo kaunta, plastiki bado iko mkononi.

Ukurasa wa mia na sitini na moja mpaka wa mia mbili. Hicho ndicho kipande cha tano, nimehesabu mara tatu. Hakuna Ijumaa humo. Hakuna mafuta ya taa, hakuna bwalo, hakuna mlezi mwenye goti. Kuna Sikudhani anabishana na malkia wa nyuki. Kurasa arobaini za nyuki! Nikasema labda nimekosea hesabu. Nimefunga duka mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu mazishi ya mume wangu, na nimekisoma kitabu chote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hakuna. Hakuna hata kiberiti.

Nimemwapia yule mwalimu, Shanice. Nimemwambia kushoto, chini.

Ni nani aliyeyaandika maneno yale? Ijumaa hiyo mlitaka kufanya nini? Kama ni baya, niambie hivyo hivyo lilivyo baya. Mimi si polisi na si Bodi. Lakini sitalala na hili.

Zaitun


Mwatate, 28 Juni 2025

Anti,

Sikutaka kuchoma kitu. Haki ya Mungu. Nimeandika barua hii mara nne.

Kipande cha tano sikukinakili. Hakuna aliyekisoma hata mmoja wetu. Carolyne ndiye alikuwa mbele, akakificha ndani ya sweta, akasahau, akailoweka sweta kwenye sabuni ya unga tangu jioni mpaka asubuhi. Kilitoka uji. Wenzangu walimrukia, mmoja akasema atolewe klabu, na Kasyoki akasema basi, yeye anarudi kulala prepu kama zamani. Carolyne alikuwa analia. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Tulieni, mimi nilishakinakili kabla sijampa." Sijui ulifunguka vipi.

Jumamosi wakati wa michezo nilijificha nyuma ya matangi ya maji nikaanza kuandika. Nilidhani ni kidogo tu, cha kuziba pengo. Anti, mkono ulikataa kusimama. Ziliisha karatasi kumi na moja. Niliweka bweni letu na bwalo letu na kengele yetu kwa sababu ghala la kweli sijawahi kuliona. Mlezi nilimfanya Madam Kasiva kwa sababu ndiye mtu mkali ninayemjua. Tangu nizaliwe sijawahi kufurahi kama Jumamosi ile, na sasa nikikumbuka naogopa.

Walisoma na hakuna aliyeshtuka kwamba si kitabu. Walipofika kipande cha sita ndipo balaa, kwa sababu mkuu wa walinzi kwangu alikufa, na humo yuko hai anakunywa chai. Kasyoki akasema mwandishi ana usahaulifu. Nikamwambia kwenye fantasia watu hufufuka.

Ile waliyoipata ni karatasi ya tatu peke yake. Hadithi inaendelea mpaka ya kumi na moja, na mambo hayaendi walivyopanga. Zile zingine zilikuwa zinazunguka bwenini. Sijui ziko kwa nani, na hata ningejua singemtaja mtu.

Mama hajanisemesha siku ya tisa leo. Ananiwekea chakula mezani halafu anatoka nje. Anti, ukienda na kitabu hicho mbele ya Bodi, mimi nimekwisha, watasema nilidanganya na nilipanga. Usiende nacho. Sema hakikupatikana Mombasa. Nakusihi.

Shanice


Voi, 30 Juni 2025

Kwa Mwalimu Evelyn Kasiva,

Mwalimu, barua hii ni nzito kwangu, basi nitaisema upesi. Nilikudanganya. Yale maneno hayamo kitabuni. Nakala yenyewe nimekufungia pamoja na barua hii, itafute mwenyewe. Utakutana na nyuki tu.

Nilikwambia nimekisoma mara mbili. Nilikuwa nimekisoma mpaka ukurasa wa sitini na nne. Hapo shule zikawa zinafunguliwa, duka likajaa watu wa soksi na madaftari, nikakunja pembe ya ukurasa na sikurudi. Nikakipendekeza hivyo hivyo. Nimependekeza vitabu kwa namna hiyo miaka sita: mwanzo nausoma, katikati napepesa macho, mwisho nawauliza wanaorudisha. Watoto wameniamini. Nimejiona haya mpaka nimeshindwa kula, na wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia.

Maneno ameyaandika Shanice mwenyewe. Barua yake ya kueleza nimekunakilia, isome. Utaona mwishoni ananiomba nikufiche. Usimhukumu kwa hilo; mimi nilikudanganya kabla hajaniomba. Najua kwamba kwa kukuletea haya huenda nimemchimbia mtoto kaburi. Mamake akijua, sidhani kama atanisalimu tena. Lakini ningekuja Ijumaa mikono mitupu na uongo wa pili, mngemfukuza vile vile, na sisi sote wawili tungebaki waongo.

Naomba kitu kimoja. Ulichokishika ni karatasi ya tatu katika kumi na moja. Usimkatie mtu shauri kwa katikati ya habari, mimi nimeona matokeo yake. Tafuta zilizobaki. Ila ukiuliza ziko kwa nani, hutapata hata moja, wewe unawajua watoto wa bweni kuliko mimi. Sanduku langu liko ofisini mwako. Liweke bwaloni wakati wa chakula, watoe walimu wote nje, kisha waambie: mwenye karatasi aitumbukize, hataulizwa jina. Na ushike neno lako.

Lile neno langu kuhusu rafu na sanduku, silirudishi.

Zaitun Hashil


Mahoo, 7 Julai 2025

Kwa Bi. Zaitun Hashil,

Shanice amerudi shuleni leo asubuhi. Nimeona nilitangulize hilo ili usome yaliyobaki umetulia. Hakufukuzwa, na polisi hawatahusika. Atakishona kile kitabu na atafagia bwalo wiki mbili kwa kosa la kusema uongo.

Barua yako niliisoma mara mbili na nilikasirika mara zote mbili. Mtu mzima ananiapia kwa kitabu ambacho hajakisoma! Nilitaka kuipeleka kwa Bodi kama ilivyo na yaishe. Sijui kilichonizuia. Alhamisi, chakula cha mchana, nililiweka sanduku lako bwaloni, nikawatoa walimu, nikasema ulivyosema. Mimi mwenyewe nilikaa jikoni mlango ukiwa umefungwa.

Nilitarajia karatasi kumi, au nisipate kitu. Ijumaa nilipolifungua mbele ya Bodi halikufunguka vizuri, lilikuwa limeshindiliwa. Tulihesabu karatasi mia moja na arobaini na mbili. Miandiko zaidi ya thelathini, kutoka Kidato cha Pili mpaka cha Nne. Walikuwa wamenakili. Wamenakili wenyewe, kwa mkono, wakapeana, na wengine wakanakili nakala za wenzao. Kuna aliyeandika nyuma ya karatasi ya hesabu niliyoisahihisha mimi. Hawa ndio tunaowapiga kelele kila siku waandike insha ya ukurasa mmoja!

Ile karatasi ya tatu ilikuwemo mara kumi na tisa. Mwenyekiti alizipanga mezani zote, akauliza, "Kwa hivyo tunawafukuza kumi na tisa?"

Tukazipanga kwa mfululizo, na mwenyekiti akasoma kwa sauti. Alipofika ya nane alitaka kunywa maji, na mjumbe mmoja, mzee wa kanisa, akamwambia atakunywa baadaye.

Katika ya kumi na moja moto umeshawashwa. Sikudhani yuko nje, amenusurika, lango liko wazi mbele yake. Halafu anasikia sauti ndani ya bweni. Ni mlezi, anahesabu vitanda. Anahesabu, anafika mwisho, anaanza upya. Msichana anarudi, anaufungua mlango, anamshika mkono, na mlezi anakataa kutoka kabla hesabu haijakamilika. Msichana anamuuliza, "Goti hili nani alikuumiza?" Mlezi anamjibu, "Ni la ghala la zamani. Niliwatoa wote isipokuwa mmoja." Basi msichana anambeba mgongoni.

Mwenyekiti alipomaliza niliomba ruhusa nikatoka nje.

Bi. Zaitun, nilipokuwa mwalimu mgeni kazini, katika shule iliyo mbali na huku ambayo sitaitaja, bweni liliungua. Nilirudi ndani. Goti hili ni la siku hiyo. Hapa Taveta hakuna anayejua. Watu wote hudhani nilianguka ngazini, na mimi huwaacha wadhani hivyo. Ndiyo sababu karatasi ile iliniondoa akili, na ndiyo sababu sikutaka kusikia la mtu.

Kuhusu sanduku, Bodi imelishika neno lako nusu. Litaingia, lakini kila kitabu kitapita kwanza kwenye meza yangu, nami nitakisoma chote. Nimeanza na hicho cha nyuki. Andika mapendekezo yako ukiwa umemaliza kusoma, nami nitajua kama hukumaliza.

Leo nilimwita Shanice ofisini. Nilimfungia mlango nikamuuliza ni nani aliyemwambia habari za goti langu. Alishtuka, akasema hakuna aliyemwambia. Alisema kwamba kila nikikagua bweni huwa nahesabu vitanda, nikifika mwisho narudi kuhesabu tena, hata kama hesabu imetimia, na kwamba yeye amekuwa akijiuliza ni nani ninayemtafuta. Akaamua kwamba lazima kuna mmoja aliyebaki.

Nikamwambia walikuwa watatu. Nikamtajia majina yao. Tulikaa pamoja mpaka kengele ya chakula ikalia.

Evelyn Kasiva